UZI: Rangi, umbo na mahali. Mtoto wa miaka miwili anaviunganishaje kichwani, na tunapimaje bila kujidanganya?

#1 Kumbukumbu_Hai

Wakuu, michezo mingi ya kufichaficha inayosambazwa kama kipimo cha kumbukumbu ya watoto haipimi kile inachodai. Mtoto anaonyeshwa visanduku vitatu: chekundu chenye duara, cha kijani chenye nyota, cha njano chenye pembetatu. Kitu kinafichwa ndani ya kimoja, pazia linashuka, linapanda, mtoto anachagua. Akipatia, tunaambiwa ameunganisha rangi na umbo. Si kweli. Hapo rangi peke yake ilimtosha. Umbo peke yake lingemtosha pia. Na kama visanduku havikuhama, hakuhitaji hata kimoja kati ya hivyo, maana mkono wake ulikuwa unajua pa kwenda.

Kuunganisha ni kujua, kwa mfano, kwamba nyekundu ilikuwa ya duara na bluu ilikuwa ya mraba, wala si kinyume chake, huku sifa zote nne zikiwa kichwani kwa wakati mmoja. Kazi hii inafanywa na kumbukumbu tendaji, ile inayoshika taarifa kwa sekunde chache wakati akili inazitumia.

Mtu mzima akitupa jicho mara moja anashika vitu 3 hadi 4 hivi. Watafiti Luck na Vogel walionyesha mwaka 1997 kwamba kwa mtu mzima kinachobana zaidi ni idadi ya vitu, si idadi ya sifa: vitu vinne vyenye rangi na mwelekeo vilikumbukwa karibu sawa na vitu vinne vyenye rangi tu. Kwa mtoto wa miezi 18 hadi 36, kadirio la kufanyia kazi ni vitu 2, wakati mwingine 3. La muhimu zaidi ni kwamba mzigo ukizidi, kinachoanza kupotea si kitu chenyewe bali sifa zake.

Zosh na Feigenson (2012) waliwaonyesha watoto wa miezi 18 kitu kimoja, viwili au vitatu vikifichwa ndani ya sanduku, kisha baadhi vikabadilishwa kwa siri. Idadi iliyotoka ilikuwa sahihi kila mara. Utambulisho ndio uliobadilika. Kadiri vitu vilivyoongezeka, watoto walizidi kupokea kitu kigeni bila kuendelea kutafuta kile cha kwanza. Ila tofauti kati ya kilichofichwa na kilichotoka ilipokuwa kubwa zaidi, waligundua vizuri zaidi. Kwa hiyo kumbukumbu haikufutika yote, ilipoteza makali. Hata watoto wa miezi 6 kwenye kazi za Kibbe na Leslie (2011) walisahau umbo la kitu lakini bado walitarajia kuwepo kwa kitu nyuma ya pazia.

Nataka tujadili namna ya kupima muungano wenyewe kwa vifaa vya kawaida.

---

#2 MwalimuAwali

Asante kwa kufungua uzi huu mkuu. Naomba nielewe: nikitumia visanduku vinne, yaani duara jekundu, mraba mwekundu, duara la bluu na mraba wa bluu, nikaficha kitu kwenye duara jekundu peke yake, si nimemaliza tatizo? Rangi peke yake haimtoshi tena kwa sababu vyekundu ni viwili.

---

#3 Kumbukumbu_Hai

Mwalimu, umepiga hatua kubwa, lakini bado kuna mwanya. Kwa kitu kimoja kilichofichwa, mtoto anaweza kuwa na taarifa mbili zisizoshikana kabisa: "nyekundu" huku, "duara" kule. Akifika kwenye visanduku vinne, kimoja tu kinakidhi zote mbili. Atakipata bila kuwahi kuziunganisha, kwa sababu kulikuwa na kitu kimoja tu na hakuna cha kuchanganya nacho.

Mwanya unazibwa kwa kuficha zawadi mbili. Ziweke kwenye duara jekundu na mraba wa bluu. Vitupu vibaki mraba mwekundu na duara la bluu. Sasa tazama: kila rangi ina kisanduku kimoja chenye zawadi na kimoja kitupu, na kila umbo vilevile. Mtoto anayekumbuka rangi zote na maumbo yote lakini hajui kipi kilikwenda na kipi, chaguo lake la kwanza ni nusu kwa nusu, sawasawa na asiyekumbuka chochote. Akivuka nusu kwa uhakika, hakuna njia nyingine ya kueleza isipokuwa ameshika muungano.

Hata hivyo usiutupe mpango wako wa zawadi moja. Unafaa sana kama hatua ya kwanza, kwa sababu makosa yake yanazungumza. Nadhani TakwimuTu atalieleza hilo vizuri zaidi yangu.

---

#4 TakwimuTu

Naam. Chukua raundi 12 za zawadi moja kwenye visanduku vinne, na kila raundi andika kisanduku cha kwanza kuguswa, si "amepata/amekosa" tu. Huu ndio msingi wa kila kitu.

Mtoto anayekumbuka rangi tu atagawanyika: takriban mara 6 kisanduku sahihi, mara 6 kile cha rangi ileile chenye umbo tofauti, na karibu 0 kwa viwili vilivyobaki. Anayekumbuka umbo tu atagawanyika vivyo hivyo upande wa umbo. Asiyekumbuka kitu atapata kama 3 kila kisanduku. Kile kisanduku kisichoshiriki sifa yoyote na lengo ni kipimo cha umakini: kikichaguliwa mara 3 au zaidi, huenda mtoto huyo hakuwa anatazama wakati wa kuficha, na huwezi kumtofautisha na asiyekumbuka kitu.

Kwa mpango wa zawadi mbili, kubahatisha ni 1/2. Ili useme mtoto mmoja amevuka kubahatisha anahitaji angalau 10 kati ya 12. Uwezekano wa kufika hapo kwa bahati ni 79/4096, karibu 0.019. Tisa hazitoshi, maana bahati hufikisha 9 au zaidi kwa uwezekano wa 0.073. Ukiishia raundi 8, anahitaji 7 (9/256, karibu 0.035). Kwa kipimo cha visanduku vitatu vya kawaida, raundi 9, kizingiti ni 6 (karibu 0.042). Chagua idadi ya raundi kabla ya kuanza na usiibadilishe katikati kwa sababu mtoto "ameanza kuelewa".

Jambo lingine: ondoa bahati kwenye asilimia. Kwa zawadi mbili, kiwango cha kweli cha kuunganisha ni mara mbili ya asilimia ya kupatia, toa moja. Kikundi kikipatia 70% maana yake muungano ulishikwa kwenye 40% ya raundi, zilizobaki zilibahatishwa. Watu wengi husoma 70% kama "wanaweza", na hapo ndipo tafsiri inapotoka njiani.

---

#5 MwalimuAwali

Nimeelewa, na hilo la kisanduku kisichoshiriki sifa sikuwahi kulifikiria. Sasa naomba vifaa na hatua, moja baada ya nyingine.

---

#6 Kumbukumbu_Hai

Vifaa kwanza. Visanduku vinne vinavyofanana kabisa, upande sentimita 10, mfuniko unaofunguka kwa mkono mmoja wa mtoto. Ndani tandika kitambaa kizito ili zawadi isipige kelele ikitua. Juu ya kila mfuniko bandika kadi ya sentimita 8 yenye umbo la rangi. Tengeneza seti mbili za kadi: nyekundu/bluu kwa duara/mraba, na njano/zambarau kwa nyota/pembetatu. Maumbo yawe na eneo linalokaribiana, la sivyo mtoto atatumia ukubwa. Zawadi iwe na upana unaozidi sentimita 4.5 ili isiweze kumezwa.

Visanduku vikae kwenye sinia kwa mpangilio wa upinde, kila kimoja kikiwa umbali uleule kutoka kifuani mwa mtoto, na sentimita 20 kati ya katikati ya kimoja na kingine. Vikisogeana zaidi ya hapo hutajua mkono ulikuwa unakwenda wapi.

Mazoezi: kisanduku kimoja cheupe chenye zawadi, afungue. Kisha viwili vyeupe, zawadi aione ikiingia, achague papo hapo bila pazia. Akipatia mara mbili mfululizo, endelea. Asipopatia baada ya majaribio sita, simamisha. Hajaelewa mchezo, na kumbukumbu yake haihusiki.

Raundi yenyewe inaanza na visanduku vikiwa wazi na sinia ikiwa mbali na mkono wake. Ingiza mkono ndani ya visanduku VYOTE vinne, kwa muda uleule wa sekunde 2 hivi kila kimoja, ukionyesha kiganja kitupu kwenye vile visivyopata kitu. Ukiruka visanduku vitupu, mtoto atafuata mkono wako, si kadi. Funga mifuniko na mwache atazame kadi sekunde 3. Shusha pazia. Nyuma ya pazia panga visanduku upya kwa mpangilio ulioandikwa tangu mwanzo, usiubuni papo hapo, maana mkono wa binadamu una mazoea. Hesabu sekunde 5 tangu pazia liliposhuka, lipandishe, sukuma sinia. Mguso wa kwanza ndio jibu. Baada ya hapo fungua na umwonyeshe zawadi zote mbili zilipo, ili raundi isiishe kwa kukata tamaa.

Jozi za zawadi zizunguke. Raundi nusu ziwe duara jekundu na mraba wa bluu, nusu nyingine mraba mwekundu na duara la bluu, kwa mpangilio uliochanganywa. Ukitumia jozi ileile kila raundi, kufikia raundi ya nne mtoto ameijifunza kama kanuni ya kudumu, na unachopima si kumbukumbu tendaji tena.

Macho yako wakati wa kuchagua: tazama paji la uso la mtoto. Mzazi aliyempakata afumbe macho. Hili si la hiari. Watoto hawa wanasoma macho ya watu wazima kuliko wanavyosoma kadi.

---

#7 MamaPacha

Kumbukumbu_Hai, kwa nini visanduku vipangwe upya? Mtoto wa miaka miwili si atachanganyikiwa tu? Mimi naona kama tunamtega.

---

#8 JichoLaMtoto

Dada MamaPacha, naomba nilijibu mimi, kwa sababu hapa ndipo penye utamu wa somo zima.

Mahali ndicho kidokezo chenye nguvu kuliko vyote kwa umri huu. Visanduku vikibaki palepale, mtoto anatumia mahali na kuziacha kadi. Kwa hiyo usipovihamisha huwezi kujua lolote kuhusu rangi na umbo. Ila una haki kwenye jambo moja: kuhamisha kunaleta mgongano. Mtoto ana "pale kushoto" na "duara jekundu", na vimetengana. Akienda kushoto hatujui kama amesahau duara jekundu au ameamua kuamini mahali.

Dawa ni kuwa na hali tatu na kuzilinganisha kwa watoto walewale:

Ya kwanza, kadi tofauti na visanduku havihami. Vidokezo vyote vinakubaliana.
Ya pili, kadi tofauti, visanduku vinahama nyuma ya pazia. Zimebaki sifa tu.
Ya tatu, kadi zote zinafanana, visanduku havihami. Kimebaki mahali tu.

Swali ni hili: je, hali ya kwanza inazidi zile mbili? Tuseme baada ya kuondoa bahati, mahali peke yake panampa 0.5 na sifa peke yake zinampa 0.3. Kama vidokezo viwili vinafanya kazi kila kimoja kivyake na mtoto anatumia chochote kilichosalia, hali ya kwanza inapaswa kufika 1 − (0.5 × 0.7) = 0.65. Ikibaki kwenye 0.5, mtoto anashika kidokezo kimoja na kukiacha kingine. Ikivuka 0.65 waziwazi, vidokezo vinasaidiana kushikiliana, na huo ndio muungano wa kweli kati ya nini na wapi.

Kuna kipimo kinachojulikana sana kwa watoto wa miaka 2 kinachotumia wazo la kuhamisha: Hughes na Ensor (2005) walitumia vyungu vinane vyenye sura tofauti kwenye sinia inayozunguka. Stika zinafichwa chini ya sita, sinia inafunikwa, inazungushwa, mtoto anachagua kimoja, kisha inafunikwa na kuzungushwa tena, hadi stika ziishe au zifike raundi 16. Ni kipimo kizuri, lakini kwa swali letu kina upungufu: vyungu vinatofautiana kwa kila kitu, kwa hiyo sifa moja inatosha. Kinapima mtoto anavyosasisha kumbukumbu ("hiki nimeshakimaliza"), si anavyounganisha sifa.

---

#9 MamaPacha

Asante sana, sasa nimeona. Je, huko kuegemea mahali kunaisha umri gani?

---

#10 JichoLaMtoto

Hakuishi ghafla, na kunategemea mazingira. Mfano maarufu ni wa Hermer na Spelke, 1994. Mtoto wa miezi 18 hadi 24 anaingizwa kwenye chumba cha mstatili cha takriban mita 1.2 kwa 1.8, kitu kinafichwa kwenye kona mbele yake, anafumbwa macho na kuzungushwa hadi apoteze mwelekeo. Ukuta mmoja mfupi ni wa bluu, mingine mitatu myeupe. Kwa kuunganisha umbo la chumba na rangi ya ukuta, kona sahihi ni moja tu. Watoto waligawanyika kati ya kona sahihi na ile iliyo mkabala nayo kwa mshazari. Umbo la chumba walilitumia, rangi hawakuitumia.

Wengi waliishia hapo wakasema watoto hawawezi kuunganisha. Lakini Learmonth, Newcombe na Huttenlocher (2001) walipotumia chumba kikubwa zaidi, kama mita 2.4 kwa 3.6, watoto wa umri uleule walitumia pia alama iliyokuwa chumbani. Kwa hiyo uwezo upo. Kinachobadilika ni uzito ambao mtoto anakipa kila kidokezo, na alama ya mbali kwenye nafasi kubwa inaaminika zaidi kwa kujua uko wapi kuliko ukuta ulio puani.

Kwa vifaa vya MwalimuAwali maana yake ni hii: ukitaka sifa zipewe uzito, zifanye zikae JUU ya kitu chenyewe, ziwe kubwa, na zisiwe pambo la pembeni. Kadi iliyobandikwa mbele ya kisanduku, sentimita chache kutoka mahali mkono unapofungua, inapuuzwa kirahisi. Iliyo juu ya mfuniko mtoto lazima aiguse.

---

#11 Msomaji_Kimya

Kuna jambo linanisumbua. Nimesoma kwamba mtoto wa miezi 10 anashika vitu 4 kwenye kumbukumbu ya kuona. Hapo hapo nimesoma kwamba mtoto wa miaka 5 anashika 1.5. Inakuwaje mtoto arudi nyuma?

---

#12 TakwimuTu

Harudi nyuma, vipimo ndivyo tofauti.

Namba ya miezi 10 inatoka kwa Ross-Sheehy, Oakes na Luck, 2003. Skrini mbili ziko sambamba. Kwenye kila skrini miraba ya rangi inaonekana kwa nusu sekunde, inapotea kwa takriban robo sekunde, inarudi, na kadhalika. Kwenye skrini moja rangi moja inabadilika kila mzunguko, kwenye nyingine hakuna kinachobadilika. Kinachopimwa ni upande unaotazamwa zaidi. Watoto wa miezi 4 na 6.5 walipendelea upande unaobadilika pale tu kulipokuwa na mraba mmoja. Wa miezi 10 na 13 walifanya hivyo hata miraba ikiwa 3 au 4.

Namba ya miaka 5 ni ya Riggs na wenzake, 2006: mtoto anaona vitu mara moja, vinapotea, anaulizwa kama kimoja kimebadilika. Makadirio yalikuwa karibu 1.5 kwa miaka 5, 2.9 kwa miaka 7 na 3.8 kwa miaka 10. Hesabu ya kawaida inayotumika kwa swali la kitu kimoja ni N × (kugundua − kuzusha). Ukionyesha vitu 4, mtoto akagundua mabadiliko 70% na akasema "imebadilika" kimakosa 30%, unapata 4 × 0.4 = 1.6.

Sasa linganisha madai. Mtoto wa miezi 10 ana mizunguko mingi mfululizo, na kumtosha ni kuhisi kwamba upande ule una kitu kipya. Hasemi nini wala wapi, na hakosei kwa kuamua. Wa miaka 5 ana nafasi moja, lazima alinganishe, aamue, na ajibu. Namba hizo mbili haziwekwi kwenye jedwali moja.

---

#13 JichoLaMtoto

Naongezea hapo, kwa sababu kipimo hichohicho cha skrini mbili kilitumika baadaye kwa muungano. Oakes, Ross-Sheehy na Luck (2006) walitumia miraba mitatu, na badala ya kuleta rangi mpya walibadilishana mahali rangi zilezile. Hakuna rangi iliyoingia wala iliyotoka, hakuna mahali palipoongezeka. Kilichobadilika ni rangi ipi iko wapi. Watoto wa miezi 7.5 waligundua, wa miezi 6.5 hawakugundua. Ni mwezi mmoja tu kati yao.

Ila hiyo ni robo sekunde ya kusubiri. Usiichukue ukadhani mtoto wa miaka miwili atashika muungano huohuo kwa sekunde 5 huku mikono ya mtu ikipita mbele yake. Muda na usumbufu ndivyo vinavyoubomoa muungano kabla ya kuzibomoa sifa zenyewe.

Kwa wenye kifaa cha kufuatilia macho, kipimo kinachofaa ni kile cha kadi cha Káldy, Guillory na Blaser (2016). Kadi mbili zinafunuliwa na kufunikwa, ya tatu inafunuliwa, na kadi inayofanana nayo itacheza baada ya muda mfupi. Mtoto aliyeshika nini kilikuwa wapi anaitazama mapema. Watoto wa miezi 10 waliweza, wa miezi 8 hawakuweza. Mkono hauhusiki kabisa, kwa hiyo kosa la kunyoosha mkono kwa mazoea linaondoka.

Mambo ya kuzingatia kwenye skrini: umbali wa sentimita 60, ambapo digrii moja ya pembe ya jicho ni sentimita 1.05 hivi, picha ya digrii 5 iwe na sentimita 5.2. Sanifisha kifaa kwa kumfanya mtoto atazame nukta tano kwenye skrini, na urudie kama nukta moja imekosa. Mtazamo ulioanza chini ya milisekunde 200 tangu kadi ya tatu ionekane utupe, jicho lilikuwa njiani tayari. Kama unapima pia upana wa mboni kujua juhudi ya mtoto, picha zote ziwe na mwangaza sawa, kwa sababu mboni hujibu mwanga kwa nguvu kuliko inavyojibu kufikiri. Na isubiri: badiliko linalotokana na juhudi huchukua kama sekunde nzima kujitokeza.

---

#14 MwalimuAwali

Je, nikimwambia mtoto kwa maneno? "Angalia, duara jekundu!" Naona watoto wanatulia wakisikia jina.

---

#15 Kumbukumbu_Hai

Maneno yanabadilisha kipimo, kwa hiyo amua mapema. Dessalegn na Landau (2008) waliwaonyesha watoto wa miaka 4 mraba uliogawanyika rangi mbili, kwa mfano nyekundu kushoto na kijani kulia. Baada ya sekunde 1 tu, watoto wengi waliuchanganya na ule uliogeuzwa kama kwenye kioo. Rangi walizijua, mgawanyo wenyewe waliujua, mpangilio ndio uliovuja. Walipoambiwa "nyekundu iko kushoto", makosa yalipungua. Walipopewa jina jipya tu la kitu kizima, halikusaidia. Kwa hiyo si suala la kuvuta umakini kwa sauti; sentensi yenyewe ilibeba uhusiano.

Kwa mtoto wa miaka miwili ambaye bado hana "kushoto" na "kulia", usitarajie msaada huo. Lakini "duara jekundu" anaweza kulielewa, na litamsaidia kwa njia ya lugha. Kwa kipimo cha kuona, neno liwe moja kwa visanduku vyote: "angalia hapa". Ukitaka kujua mchango wa lugha, fanya kundi la pili lenye majina, usichanganye.

---

#16 Msomaji_Kimya

Swali la mwisho upande wangu. Watu wa utambuzi wanasema ubongo "huunganisha vidokezo" kwa kuvipima kulingana na uhakika wake. Ni jambo hilihili?

---

#17 TakwimuTu

Ni jirani yake, usiyachanganye. Hilo linahusu vidokezo viwili vinavyojibu swali moja, mfano kitu kiko wapi. Kidokezo cha kwanza kikikosea kwa wastani wa sentimita 6 na cha pili sentimita 8, mtu anayevipima sawasawa anakipa cha kwanza uzito wa 0.64 na cha pili 0.36, na kosa linashuka hadi sentimita 4.8, chini ya vyote viwili. Hiyo ndiyo alama ya kuunganisha kwa maana hiyo.

Uwezo huo unachelewa mno. Nardini, Bedford na Mareschal (2010) walipima vidokezo viwili vya kuona vya mteremko wa uso wa kitu, na faida ya kuviunganisha haikuonekana hadi karibu miaka 12. Watoto wadogo waliviweka mbali mbali, na kwa baadhi ya kazi hiyo iliwapa nafuu kwa sababu hawakupoteza taarifa ya kila kimoja. Kwa hiyo ukisoma kichwa cha habari kuhusu watoto "kuunganisha vidokezo", kwanza uliza: ni rangi na umbo la kitu kimoja, au ni makadirio mawili ya jambo moja? Majibu yanatofautiana kwa miaka kumi.

---

#18 MwalimuAwali

Nikianza, nitegemee matatizo gani zaidi?

---

#19 Kumbukumbu_Hai

La kwanza kwa ukubwa: mtoto kurudia kisanduku kilichomlipa raundi iliyopita. Wakati wa kuchambua, weka safu ya ziada: "je, kosa hili ndilo lililokuwa jibu sahihi kabla yake?" Kama zaidi ya nusu ya makosa ni ya aina hiyo, tatizo ni kuzuia jibu la zamani. Ndiyo maana nilishauri seti mbili za kadi. Zipishane raundi kwa raundi.

La pili, upande. Wapo wanaogusa kisanduku cha kulia kila mara. Hakikisha kila seti ya raundi nne ina jibu kwenye kila nafasi kwa usawa, na mtoto aliyegusa nafasi ileile raundi zote usimwingize kwenye wastani.

La tatu, uchovu. Raundi 12 za zawadi mbili ni nyingi kwa miezi 24. Gawanya siku mbili, sita kwa sita, saa ileile ya siku, kabla ya usingizi wa mchana na si baada tu ya kuamka. Raundi mbili mfululizo bila kugusa kitu, simamisha.

La nne, kushika vyote kwa mikono miwili kwa wakati mmoja. Raundi hiyo irudiwe mwishoni, usiihesabu. Sinia ikisukumwa taratibu, kwa sekunde 1 hivi, hutokea mara chache zaidi.

---

#20 MamaPacha

Na mtoto asiyeona rangi vizuri? Kwa miaka miwili hakuna anayejua bado.

---

#21 JichoLaMtoto

Ndiyo sababu ya kuchagua nyekundu na bluu badala ya nyekundu na kijani. Upungufu wa nyekundu-kijani ndio wa kawaida zaidi, na huwapata wavulana zaidi. Kwa watu wenye asili ya Ulaya ni takriban mvulana 1 kati ya 12 na msichana 1 kati ya 200. Bluu na zambarau ndizo zinazoweza kufanana kwa watoto hao, na kwenye mpango wa Kumbukumbu_Hai haziko seti moja, kwa hiyo hakuna shida. Ukitaka uhakika zaidi, ongeza raundi mbili za mazoezi ambapo kadi zinatofautiana kwa rangi tu na zawadi anaiona ikiingia, bila pazia. Anayeshindwa hapo, seti yake ibadilishwe kuwa nyeusi na nyeupe kwenye mandhari ya kijivu. Umbo na mahali vinabaki vilevile.